Pampu chini ya ngozi: kuishi na dawa ya maumivu ya mgongo

Matini ya makala ya afya kama yalivyosomwa hewani



Wahenga walisema, adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Msemo huo unawafaa sana watu wenye maumivu ya mgongo yasiyokwisha. Mguu uliovunjika hufungwa plasta, na kila anayepita huiona na kutoa pole. Mgongo unaouma hauna plasta. Mwenye mgongo huo huvaa nguo zake safi, huenda kazini, hucheka harusini, na akirudi nyumbani hushindwa kuinama avue viatu. Akilalamika, wa karibu yake humwambia ni uchovu tu, na wa mbali husema anakwepa kazi.

Makala haya yanahusu chombo ambacho wachache miongoni mwa wagonjwa hao wamewekewa mwilini: pampu ndogo ya madini, iliyofukiwa chini ya ngozi ya tumbo, inayopeleka dawa moja kwa moja kwenye maji yanayouzunguka ugwe wa mgongo, usiku na mchana. Wapo ambao pampu hiyo imewarudishia usingizi. Wapo ambao imekuwa kwao mzigo wa pili juu ya ule wa kwanza. Na kwa mhamiaji, ambaye mwili wake uko nchi moja na moyo wake uko nchi nyingine, huzusha swali zito zaidi: je, aliyewekewa pampu ughaibuni ataweza kurudi kwao?

Ugonjwa wa wengi, tiba ya wachache

Utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2023 katika jarida la Lancet Rheumatology ulikadiria kwamba watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya kiuno mwaka 2020, na kwamba idadi hiyo yaweza kufikia milioni 843 ifikapo mwaka 2050. Hakuna maradhi mengine yanayowafanya watu waishi miaka mingi zaidi katika hali ya kulemaa.

Bahati njema ni kwamba wengi wao hupata nafuu katika majuma machache, kwa kuendelea na shughuli zao na kwa dawa za kawaida. Maumivu huitwa sugu yanapopindukia miezi mitatu. Hapo mambo hubadilika. Mara nyingi jeraha la awali limekwisha kupona, au limefanyiwa operesheni, lakini mishipa ya fahamu imezoea kupiga mbiu ya hatari na haijui tena kunyamaza. Ni sawa na king'ora cha duka kinachoendelea kulia ilhali mwizi amekwisha kukimbia. Kuuvunja mlango hakusaidii kitu. Panatakiwa mtu wa kukizima king'ora chenyewe.

Chukua mfano wa mama mmoja, ambaye si mtu halisi bali ni sura ya wengi. Ni mzaliwa wa Mombasa, na kwa miaka mingi amefanya kazi katika nyumba ya kulelea wazee nchini Uingereza, akiwanyanyua watu wazima kutoka kitandani hadi kwenye kiti. Kiuno kikamkatika. Gegedu lililo kati ya pingili mbili likatokeza na kuubana mshipa wa fahamu. Alifanyiwa operesheni mara mbili. Picha zikaonyesha kuwa pingili zimekaa sawa, lakini moto unaoshuka kutoka kiunoni hadi kwenye unyayo haukuzimika. Amemeza vidonge vya kila aina, na kipimo kimepanda mwaka hadi mwaka, mpaka mchana anasinzia, hapati choo kwa siku tano, na maumivu bado yapo.

Ni wagonjwa wa namna hiyo ambao madaktari huwataja wanapozungumzia pampu. Si tiba ya mtu aliyeteguka mgongo jana, wala si ya yule ambaye hajajaribu mazoezi ya viungo, dawa nyepesi na njia nyinginezo. Ni mlango wa mwisho ukumbini, na haufunguliwi kabla ya kubisha iliyotangulia.

Pampu hufanyaje kazi

Chombo chenyewe ni cha mviringo, chenye upana wa takriban sentimita 8 na unene wa sentimita 2 hivi, na gamba lake ni la titani, madini mepesi ambayo mwili huyavumilia. Ndani yake mna kifuko cha dawa kinachochukua mililita 20 au 40, betri, na mashine ndogo inayosukuma dawa tone kwa tone. Daktari wa upasuaji hukiweka chini ya ngozi ya tumbo, kwa kawaida upande wa kulia au wa kushoto, chini ya mbavu na juu ya nyonga. Kutoka hapo mrija mwembamba hupitishwa chini ya ngozi, ukazunguka ubavu mpaka mgongoni, na ncha yake ikaingizwa katikati ya pingili hadi ndani ya maji ya uti wa mgongo.

Siri ya pampu imo katika mahali dawa inapofikia. Kidonge cha mofini hushuka tumboni, huingia katika damu, hupita kwenye ini, husambaa mwili mzima, na ni sehemu ndogo mno inayofika kwenye ugwe wa mgongo, ambako habari za maumivu hupokewa kabla ya kupelekwa kwenye ubongo. Mrija wa pampu huimimina dawa pale pale. Kwa hiyo kiasi kinachohitajika hupungua kupita kiasi. Kipimo ambacho madaktari wamekitumia kwa miaka mingi kama mwongozo ni kwamba miligramu 1 ya mofini ndani ya maji ya uti wa mgongo hufanya kazi inayokaribia ile ya miligramu 300 zilizomezwa. Dawa ikipungua hivyo, usingizi wa mchana, kichefuchefu na kukosa choo navyo hutarajiwa kupungua, ingawa haviondoki kwa kila mtu.

Kipimo hupangwa kwa kompyuta. Mhudumu huweka kifaa juu ya tumbo la mgonjwa, na kwa mawimbi ya redio huiamuru pampu itoe kiasi gani, saa ngapi. Anayeumia zaidi alfajiri aweza kupangiwa dawa zaidi wakati huo. Wagonjwa wengine hupewa kidhibiti cha mkononi kinachowawezesha kujiongezea dozi ndogo maumivu yanapozidi, ndani ya mipaka iliyowekwa na daktari.

Safari iliyoanzia Kiel

Wazo la kutia dawa mgongoni lina umri wa zaidi ya karne moja. Mwezi Agosti mwaka 1898, katika mji wa Kiel nchini Ujerumani, daktari wa upasuaji August Bier alimtia mgonjwa wake kokeini katika maji ya uti wa mgongo, akamfanyia operesheni ya mguu bila ya mgonjwa kusikia maumivu. Siku chache baadaye Bier na msaidizi wake walijaribu jambo hilo juu ya miili yao wenyewe. Bier alivujwa na maji ya uti wa mgongo, akapatwa na kichwa kikali kilichomlaza kitandani. Kichwa cha namna hiyo kingali kinawapata baadhi ya wanaowekewa pampu leo, na sababu yake ni ile ile.

Hatua kubwa iliyofuata ilikuja katika miaka ya 1970. Mwaka 1973 wanasayansi walithibitisha kwamba seli za ubongo zina vipokezi maalumu vya dawa za jamii ya mofini. Mwaka 1976 watafiti Tony Yaksh na Thomas Rudy nchini Marekani walionyesha kwamba mofini ikiwekwa kwenye ugwe wa mgongo wa panya huzuia maumivu hapo hapo, bila ya kupitia ubongoni. Mwaka 1979 madaktari wa Mayo Clinic waliripoti kuwatuliza kwa njia hiyo wagonjwa wa saratani. Kilichobaki kilikuwa kuunda chombo cha kuifanya kazi hiyo kila siku nyumbani kwa mgonjwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 pampu za kwanza za kutia mofini mgongoni zikaanza kufukiwa chini ya ngozi. Marekani iliidhinisha mofini kwa pampu inayopangwa kwa kompyuta mwaka 1991.

Ni vyema kukumbuka kwamba chombo hiki kilitungwa kwanza kwa ajili ya wagonjwa wa saratani, ambao wengi wao hawakutarajiwa kuishi miaka mingi. Kukihamishia kwa mtu mwenye umri wa miaka 45, ambaye aweza kuishi nacho kwa miaka 30, ni jambo jingine kabisa, na ndipo mjadala ulipo hadi leo.

Mtihani kabla ya kisu

Mgonjwa hapewi pampu kwa kuomba. Kwanza hukutana na daktari wa maumivu, mtaalamu wa tiba ya viungo, na mara nyingi mtaalamu wa saikolojia. Hili la mwisho huwaudhi wengi, hasa waliolelewa katika jamii ambako kupelekwa kwa mtaalamu wa akili ni sawa na kuambiwa una wazimu. Lengo lake si kumshuku mtu kwamba anajifanya. Maumivu na huzuni hulala kitanda kimoja, na pampu haina dawa ya huzuni. Mtaalamu hutaka kujua kama mgonjwa anaelewa anachokiingia, na kama nyumbani kuna wa kumsaidia.

Kisha hufanywa jaribio. Dawa hutiwa mgongoni kwa sindano moja, au kwa mrija wa muda kwa siku kadhaa, mgonjwa akiwa chini ya uangalizi. Kwa kawaida hutakiwa maumivu yapungue kwa nusu au zaidi. Aidha, madaktari makini hawaishii kuuliza maumivu ni mangapi kati ya kumi. Huuliza: umeweza kupanda ngazi? Umelala saa ngapi? Umesimama jikoni kwa muda gani? Jaribio likishindwa, mambo huishia hapo, na ni afadhali yaishie hapo kuliko baada ya operesheni.

Operesheni yenyewe huchukua saa moja hadi tatu. Majuma sita hadi manane yanayofuata, mgonjwa huagizwa asiiname sana, asijipinde, wala asinyanyue vitu vizito, ili mrija ushikamane mahali pake. Kwa Mwislamu hii ina maana kwamba rukuu na sijida zitamhitaji kiti kwa muda, ruhusa ambayo mgonjwa anayo. Kwa mama mwenye mtoto mchanga ina maana kwamba mwingine atamnyanyua mtoto. Mambo haya yanafaa kupangwa kabla ya siku ya operesheni.

Maisha ya kila siku

Baada ya kovu kupona, pampu haisikiki ikifanya kazi. Huonekana kama uvimbe wa mviringo chini ya nguo, na kwa mtu mwembamba hujitokeza zaidi. Mkanda wa suruali na mkanda wa gari huweza kuikwaruza. Wanawake wengi huona kanga au dera humsitiri mtu vizuri kuliko sketi ya kubana.

Jambo linalotawala maisha ni tarehe ya kujaza dawa. Hesabu yake ni rahisi. Pampu ya mililita 20 inayotoa mililita 0.2 kwa siku ingekauka baada ya siku 100. Madaktari hawangoji tone la mwisho, hivyo humwita mgonjwa mnamo siku ya 90 au kabla yake. Wenye kipimo kikubwa huitwa kila mwezi. Siku hiyo muuguzi husafisha ngozi, hutafuta kitovu cha pampu, hupitisha sindano, hunyonya dawa iliyobaki na kuipima. Kiasi kilichobaki kikitofautiana sana na kile kinachoonyeshwa na kompyuta, kuna kasoro ya kutafutwa. Kisha hutia dawa mpya na kuipanga pampu upya. Kazi nzima huchukua muda wa nusu saa hivi.

Mgonjwa hutembea na kadi ya utambulisho wa pampu kila aendako. Mitambo ya usalama ya viwanja vya ndege huweza kulia, na kadi humwepushia maneno mengi. Anapotakiwa kupigwa picha kwa mashine ya MRI, ambayo hutumia sumaku yenye nguvu, ni lazima aseme mapema, kwa sababu pampu nyingi husimama zikiwa ndani ya sumaku na hutakiwa kukaguliwa baadaye kuhakikisha zimeanza tena. Vyumba vya mvuke na maji ya moto sana, ambavyo wakazi wengi wa Ghuba huvipenda, pamoja na kuzamia baharini, vinahitaji kwanza ushauri wa daktari, kwani joto na mgandamizo huweza kubadili mwendo wa dawa.

Mwezi wa Ramadhani huleta swali lake. Dawa ya pampu haipiti kinywani wala tumboni na haina lishe, na wanazuoni wengi wa zama hizi wanaona kwamba sindano isiyo ya lishe haifunguzi. Hata hivyo mgonjwa ana haki ya kumwuliza shekhe wake, na ana wajibu wa kumwuliza daktari wake kama mwili wake unaweza kuvumilia kukaa bila maji.

Betri nayo ina ukomo. Katika pampu zinazotumia betri hudumu kati ya miaka minne na saba hivi, kisha chombo chote hutolewa na kingine kuwekwa mahali pake. Aliyewekewa akiwa na miaka 45 basi na ajue kwamba kisu kitamrudia mara kadhaa.

Hatari zisizofichwa

Hakuna chombo cha mwilini kisicho na madhara, na pampu ina yake. Kidonda huweza kuingia vijidudu, na vikifuata mrija hadi mgongoni huleta homa ya uti wa mgongo. Mrija huweza kujikunja, kuvuja au kuchomoka, na hapo maumivu hurudi ghafla. Mofini, japo ni kidogo, huweza kusababisha kuwashwa mwili, mkojo kuwa mgumu, miguu kuvimba, na baada ya muda kupunguza homoni, hata hamu ya tendo la ndoa ikatoweka na hedhi ikavurugika. Jambo hili wanandoa hulinyamazia kwa haya, ilhali hupimwa kwa damu na huweza kutibiwa.

Hatari kubwa zaidi ni mbili zinazopingana: dawa kuzidi na dawa kukatika. Dawa huzidi kipimo kinapokosewa, au sindano ya kujazia inapokosa tundu na dawa ya majuma mengi ikamwagika chini ya ngozi. Mgonjwa husinzia asiamshike, na pumzi zake huwa chache na fupi. Hiyo ni dharura ya kuita gari la wagonjwa papo hapo. Ndiyo maana hospitali nyingi humtaka mgonjwa asubiri kidogo baada ya kujaziwa, na ndiyo maana pombe na dawa za usingizi ni hatari kwake.

Dawa ikikatika, kwa mofini huja jasho, tumbo la kuhara, wasiwasi na maumivu makali. Kwa baklofeni, dawa inayotiwa katika pampu hizi kwa wenye misuli iliyokakamaa, kukatika ghafla huweza kuleta homa kali, mtafaruku wa akili na hata kifo. Pampu ina king'ora kinacholia dawa inapokaribia kwisha au betri inapochoka. Mlio huo haungoji Jumatatu.

Aidha, uvimbe mdogo huweza kuota kwenye ncha ya mrija, hasa mofini inapokuwa nzito, na ukaugandamiza ugwe wa mgongo. Dalili zake ni maumivu kurudi licha ya kuongezwa dawa, ganzi au udhaifu mpya wa miguu, na kushindwa kuzuia haja. Anayeziona asingoje tarehe ya kujaziwa.

Vyombo vyenyewe havikukosa doa. Mwezi Aprili mwaka 2015 kampuni ya Medtronic, mtengenezaji mkubwa wa pampu hizi, iliingia katika makubaliano ya kisheria na serikali ya Marekani yaliyozuia kwa sehemu kubwa utengenezaji na usambazaji wa pampu yake ya SynchroMed II mpaka kasoro za udhibiti wa ubora zirekebishwe. Mwezi Novemba mwaka 2018 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliwaonya madaktari kuhusu kuzitia pampu dawa zisizoidhinishwa kwa chombo hicho, kwa kuwa huweza kuharibu mrija na mashine. Kwa hiyo swali la mgonjwa, "Hii ni dawa gani, na je, imeidhinishwa kwa pampu yangu?", si utovu wa adabu.

Nafuu ina kipimo chake

Pampu haiponyi mgongo. Inapofanikiwa, hushusha maumivu kutoka yale yanayomzuia mtu kuishi hadi yale anayoweza kuishi nayo. Aliyetarajia kurudi kubeba magunia atavunjika moyo. Aliyetarajia kukaa kitako mpaka mwisho wa harusi ya bintiye aweza kushukuru. Wengine huona kwamba baada ya miaka miwili au mitatu mwili umeizoea dawa na kipimo kinapaswa kupanda tena.

Ushahidi wa kisayansi una nguvu zaidi kwa wagonjwa wa saratani kuliko kwa wenye maumivu mengine. Mwezi Desemba mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa kwanza kuhusu maumivu sugu ya kiuno yasiyo na chanzo bayana. Lilihimiza elimu, mazoezi na msaada wa kisaikolojia, na likashauri dawa za jamii ya mofini zisitumiwe kama desturi. Wagonjwa wa pampu wengi wana chanzo kinachojulikana, kama vile mishipa iliyoumia baada ya operesheni, lakini onyo hilo linawahusu pia: mofini si dawa ya kila mgongo.

Inafaa pia kutofautisha mambo mawili yanayochanganywa mitaani. Mwili kuzoea dawa, ukasumbuka inapokatika, si uraibu. Uraibu ni kuitafuta dawa kwa udi na uvumba hata inapomharibia mtu maisha. Mgonjwa wa pampu hustahili kuambiwa tofauti hiyo, na jamaa zake nao, ili asiitwe mtumia unga katika nyumba yake mwenyewe.

Konokono wa miamba

Si kila dawa ya pampu ni ya jamii ya mofini. Katika bahari ya Hindi na Pasifiki huishi konokono wenye makome mazuri ya umbo la pia, ambao huwinda kwa kuchoma sumu. Baadhi yao wako kwenye miamba ya pwani ya Afrika Mashariki, na mmoja wao, Conus geographus, ameua watu waliomwokota kwa uzuri wake. Kutokana na sumu ya nduguye, Conus magus, watafiti wa maabara ya Mfilipino Baldomero Olivera katika Chuo Kikuu cha Utah walipata kemikali inayozuia mishipa ya fahamu kupokezana habari za maumivu. Nakala yake iliyotengenezwa viwandani, zikonotaidi, iliidhinishwa Marekani mwezi Desemba mwaka 2004. Haizuii pumzi wala haiachi usumbufu wa kukatika kama mofini. Lakini huweza kuvuruga akili na kuleta njozi, na haipewi mtu aliyewahi kuugua maradhi ya kupoteza uhalisi. Nayo hufanya kazi kwa kutiwa mgongoni tu.

Swali la kurudi nyumbani

Sasa na arejewe yule mama wa Mombasa. Amewekewa pampu, amelala usiku kwa mara ya kwanza baada ya miaka. Kisha simu inalia: mama yake mzazi ni mgonjwa sana. Pampu yake itahitaji dawa baada ya siku 25. Akienda kwa majuma mawili, atarudi kwa wakati. Lakini mauguzi hayana kalenda, na matanga hayakatizwi kwa sababu ya miadi ya hospitali.

Jibu la tatizo hili hupatikana kabla ya simu kulia. Mgonjwa aweza kumwomba daktari amjazie mapema kabla ya safari. Aweza kupewa barua inayoeleza aina ya pampu, dawa, uzito wake na kipimo cha kila siku, pamoja na maelekezo ya nini kifanyike dawa ikikatika. Aweza kuulizia, kupitia mtengenezaji, ni hospitali gani huko aendako yenye kifaa cha kuisoma na kuipanga pampu yake. Asikubali kamwe ijazwe na mtu asiye na ujuzi huo, hata kwa nia njema.

Kwa anayepanga kurudi moja kwa moja akistaafu, maamuzi ni magumu zaidi. Afrika Mashariki ina madaktari hodari wa mgongo na wa nusukaputi, lakini huduma ya pampu huhitaji dawa safi maalumu, kompyuta yake, na chombo kipya kila baada ya miaka kadhaa. Tume ya jarida la Lancet iliripoti mwaka 2017 kwamba kati ya tani 298.5 za dawa za jamii ya mofini zilizosambazwa duniani kwa mwaka, nchi maskini zilipata tani 0.1 tu. Mahali ambapo mofini ya kumeza ni adimu, ya kutia mgongoni ni adimu zaidi.

Hata hivyo eneo hilo lina la kujivunia. Uganda, kupitia shirika la Hospice Africa Uganda lililoanzishwa mwaka 1993 na daktari Anne Merriman, ilionyesha kwamba mofini ya maji inayotengenezwa nchini kwa gharama ndogo yaweza kumfikia mgonjwa wa saratani kijijini kwake, na mwaka 2004 iliwaruhusu kisheria wauguzi waliopata mafunzo maalumu kuiandika. Hiyo si pampu, wala haikukusudiwa kwa maumivu ya kiuno. Lakini ni ushahidi kwamba kutuliza maumivu si anasa ya nchi tajiri.

Anayejua kwamba atarudi kwao baada ya miaka mitano anapaswa kulisema hilo mbele ya daktari kabla ya operesheni, si baada yake. Huenda wakachagua njia nyingine. Huenda wakakubaliana kwamba kabla ya kuondoka dawa itapunguzwa pole pole na pampu itolewe. Na huenda mgonjwa, akijua yote hayo, akachagua pampu na kuahirisha marejeo. Uamuzi huo ni wake, ila auamue akiwa macho.

Mwenye kufikiria pampu, kwa hiyo, aende hospitali na maswali haya yameandikwa: Jaribio litapimwaje? Nani atanijazia dawa, na iwapo hayupo, nani? Nipige simu wapi king'ora kikilia usiku? Gharama za kujaziwa na za kubadilisha chombo zitalipwa na nani nikipoteza bima au kibali cha kuishi? Na nikitaka kurudi nyumbani, itakuwaje? Akienda na mtu anayemwamini na anayeijua lugha ya nchi hiyo vizuri, itakuwa bora zaidi, kwani mambo haya hayafai kukisiwa.

Na aliye na jamaa mwenye maumivu hayo, asingoje kuona plasta ndipo aamini. Kumsikiliza hakuhitaji betri.